Siku Niliyowapikia Wakwe Kahawa ya Mtaliano

Kuna watu wakisikia harufu ya kahawa wanameza mate. Mimi nikiisikia natazama chini, na kama karibu nami kuna mtu aliyeishi Ruiru miaka ile natazama chini zaidi, kwa sababu najua anachokumbuka. Sijawahi kuwasimulieni jambo hili (mmesikia vipande vipande kutoka kwa watu ambao hata hawakuwapo, tena wametia chumvi), kwa hiyo leo nitalisema lote, pamoja na zile sehemu ambazo hata nikiwa peke yangu gizani nikizikumbuka najifunika blanketi usoni. Mkitaka kucheka mcheke. Mimi bado sijaweza.

Wakati huo nilikuwa kijana, sijaoa, nafanya kazi Thika kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa na kulala Ruiru, chumba kimoja cha mabati nyuma ya stesheni, asubuhi gari moshi, jioni gari moshi. Kiwandani sikuwa mtu mkubwa. Kazi yangu ilikuwa kuosha vikombe katika chumba cha waonjaji, yaani wale wazungu wawili wenye makoti meupe ambao walivuta kahawa kwenye kijiko kwa kelele, wakaizungusha mdomoni, wakaitema kwenye ndoo, kisha wakasema neno. Neno walilolipenda kuliko yote lilikuwa asidi. Wakisema kahawa hii ina asidi nzuri, ujue hiyo itauzwa ghali na kupanda meli. Asidi niliyoijua mimi ni ile ya betri ya lori, lakini nilikuwa nimekaa katika chumba kile muda wa kutosha kuanza kujiona na mimi ni mwonjaji (mwoshaji wa vikombe, tafadhali), na nikitoka nje nilikuwa nasema asidi, asidi, kila kahawa ilipotajwa, hata kwa watu ambao hawakuniuliza kitu.

Sasa pale kiwandani kulikuwa na fundi wa mashine, Mtaliano, aliyeletwa Kenya na vita akiwa mateka, vita vikaisha yeye akabaki, na Kiswahili chake kilikuwa kinaeleweka kuliko cha wazungu wenzake kwa sababu alikijifunza akila na sisi. Huyu hakuitaka kabisa kahawa ya waonjaji. Alikuwa na kibirika chake cha alumini chenye sehemu tatu, chini unatia maji, katikati unatia kahawa ya unga, juu panabaki patupu, ukikiweka motoni mvuke unayasukuma maji yanapita kwenye ile kahawa yanatokea juu, meusi, mazito, machache, yenye povu kidogo ukiwa na bahati. Aliita hiyo espreso, akasema kwao kila nyumba hata ya maskini inapika hivyo asubuhi. Alipoamua kurudi kwao akanipa kile kibirika, nami nikakipokea kwa mikono miwili kama mtoto aliyepewa kiatu.

"Festo," akaniambia, "moto pole pole. Na kahawa kaanga tena mpaka nyeusi. Hii ya Waingereza nusu mbichi, itakukata tumbo."

Nikasema ndiyo, ndiyo, kama mtu anayejua tayari. Nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja, lile lingine lilikuwa linawaza jinsi nitakavyomweleza Nyambura.

Nyambura tulijuana kwenye kwaya. Baba yake, Mzee Njoroge, alikuwa nyapara wa wachumaji kwenye shamba la kahawa upande wa Gatongora, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache aliyekuwa akikutazama mpaka wewe mwenyewe unaanza kukagua vifungo vya shati lako. Mimi ni mtu wa Bunyore, huko magharibi, kwetu ni mbali, na jambo hilo halikumpendeza. Mara ya kwanza nilipopelekwa kwake aliniuliza swali moja tu: "Nikitaka kumwona binti yangu akiwa kwenu, nitatembea siku ngapi?" Nikasema kuna gari moshi, mzee. Akasema, "Sikuuliza gari moshi." Ikabidi Senge Dorika, dada ya baba yangu aliyeolewa na mfanyakazi wa Thika, asimame kama mzazi wangu, aende Gatongora na kurudi, aende na kurudi, kwa maneno matamu na sukari na blanketi, mpaka wakasema sawa, Jumapili fulani baada ya ibada tutakuja kwa kijana tuone anavyoishi, na jibu tutalitoa hapo hapo. Ndilo hilo basi. Wakikubali, Nyambura ni wangu. Wakikataa, kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kiambu, mwenye baisikeli mpya na soksi ndefu, anasubiri zamu yake.

Ningenyamaza, mambo yangeenda. Lakini wiki moja kabla ya siku yenyewe nikamkuta Mzee Njoroge nje ya kanisa, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mzee, miaka yote hii umesimamia kahawa, umewahi kuinywa?"

Akafikiri. "Hapana. Mimi najua chai. Kahawa ni ya kupeleka kwa mizani."

"Basi ukija kwangu utaonja. Nitakupikia ile wanayokunywa Roma."

Akanitazama, nikaona kitu kama tabasamu, au labda jua lilikuwa limempiga machoni. Senge alikuwa pembeni yangu na alinifinya mkono mpaka ukabaki na alama. "Wapikie chai, Festo," akaniambia tulipokuwa tunaondoka. "Chai ya maziwa, na mkate. Nani amekutuma kahawa?" Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mimi nilikuwa na kibirika cha Mtaliano na elimu ya chumba cha waonjaji, ningeogopa nini?

Kahawa nilikuwa nayo, zile punje zilizobaki kwenye sahani za waonjaji baada ya kazi, zimekaangwa kidogo tu, rangi ya ganda la karanga, kwa sababu waonjaji wanataka kuisikia ile asidi yao vizuri. Jioni ya Ijumaa nikazitwanga kwenye kinu (zikabaki na mapande kama ugali uliopikwa na mwanamume), nikazitia kwenye kibirika, nikawasha stovu ya mafuta ya taa, nikapampu moto mpaka ukanguruma kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonja. Ikatoka. Nikanywa. Jamani, ilikuwa chachu mpaka meno yakaingia ganzi, chachu kama ndimu changa, na nilipoimeza ikashuka ikiwa inawaka, ikakaa kifuani usiku kucha, kiungulia cha kunitoa machozi. Ndipo nikaelewa kwa nini wale wazungu walikuwa wanaitema.

Nilijua dawa. Mtaliano alikuwa ameniambia kwa mdomo wake, kaanga tena mpaka nyeusi. Lakini kukaanga kahawa katika nyumba za mabati zilizobanana ni kumtangazia kila mtu mpaka stesheni, na miaka ile Mwafrika akikutwa na kahawa chumbani mwake anaulizwa maswali ambayo hayana majibu mazuri. Kwa hiyo niliogopa harufu. Halafu (nasema kweli) niliona uvivu. Nikakaa kitandani nikifikiria, mguu wangu ukagonga chupa chini ya kitanda, na hapo ndipo maisha yangu yalipoharibika.

Chupa ile ilikuwa ya Senge, ya musherekha. Nyinyi wa huku mnatumia magadi, sisi kwetu mama anachoma maganda makavu ya maharagwe, anayatia majivu yake kwenye chungu chenye matundu, anamimina maji juu, yanadondoka taratibu yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Hiyo ndiyo musherekha. Unatia kidogo kwenye kunde, kwenye mrenda, mboga inalainika, uchungu unakwisha, inateremka yenyewe. Senge hakuwa anakubali mboga bila hiyo, na alikuwa ameacha chupa nzima kwangu ili akija anipikie. Nikajiuliza: kama inalainisha mboga kali vile, itashindwa na kahawa?

Jumamosi nikapika tena, nikatia tone moja kwenye kikombe. Tone moja. Na lo, uchachu ukakatika kabisa, kahawa ikawa laini, tulivu, ya kumpa mtu mzima. Nilitembea ndani ya chumba kile nikijisifu kwa sauti. Nikasema wazungu na makoti yao wanahangaika na asidi, kumbe dawa iko Bunyore. Laiti ningekumbuka tu lile neno tone.

Jumapili ikafika. Nilikuwa nimetegemea wageni wachache, mzee, mama, Mzee Kimani ambaye ni ndugu wa mama yake Nyambura, na labda mzee mmoja wa kanisa. Wakaja wajomba, wakaja shangazi, wakaja wamama wa kanisa na vitambaa vyeupe kichwani, wakajaa kitandani na kwenye viti vya kuazima mpaka mlangoni. Nyambura hakuja, kama ilivyo desturi, alibaki nyumbani akisubiri kuambiwa. Na hawakuwa na siku nzima, maana hiyo ilikuwa bado miaka ya hali ya hatari, Mkikuyu hakuwa anatembea anavyotaka, na wale wazee walikuwa wameombewa ruhusa kwa bwana shamba, jua likizama lazima wawe wamerudi. Kuja kwangu tu kulikuwa heshima kubwa, na nililijua hilo, ndiyo maana jasho lilikuwa linanitoka hata kabla ya kuwasha stovu.

Kibirika cha Mtaliano kinajaza vikombe vitatu, tena vikombe vya Kitaliano, ambavyo mbele ya wazee wale vingeonekana kama vya kupimia dawa ya mtoto. Nami nilikuwa na vikombe vya bati, vikubwa, kwa sababu kumpa mkwe kitu kidogo ni kumwambia hufai. Kwa hiyo nikawa napika, namimina kwenye birika kubwa, narudia, namimina, narudia, huko kwenye kona yangu nyuma ya pazia, huku Senge akiwashikilia wageni kwa mazungumzo ya mvua na mahindi. Muda unakwenda. Mzee Kimani akauliza kwa sauti kama kahawa hiyo inatoka Roma kwa miguu. Watu wakacheka kwa adabu. Mimi nikachanganyikiwa, nikaona nikianza kutia tone tone kwenye kila kikombe jua litazama, afadhali nitie musherekha huko huko chini pamoja na maji, ipikike nayo. Nikamimina. Kiasi gani? Niliangalia chupa baadaye, ilikuwa karibu tupu.

Kibirika kikaanza kulia. Si mlio wa kawaida, kilikuwa kinachemka kwa hasira, kinatoa povu la kijivu kwenye mdomo, na nilipokifungua ndani alumini yote imekuwa nyeusi, ina harufu ya chuma na sabuni. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikakumbuka kwamba Mtaliano alisema espreso nzuri ina povu, nikafurahi.

Nikaijaza sukari, nikawapelekea, mzee kwanza, kisha wanaume wengine, kisha wamama. Mama yake Nyambura alikuwa amekaa karibu na mlango, amenigeuzia bega kidogo kama mwanamke mwenye heshima anavyomfanyia mtu anayeweza kuwa mkwe wake, akapokea kikombe bila kunitazama, akasema asante polepole. Senge peke yake alikataa, akasema yeye moyo wake hauwezani na kahawa, atangoja maji.

Mzee Njoroge akanywa. Akanywa tena.

"Inateleza," akasema.

"Ndiyo espreso, mzee," nikasema.

Mzee Kimani akatazama ndani ya kikombe chake kwa muda mrefu. "Na ni hii ndiyo wazungu wanavuka bahari kuja kuchukua?"

Lakini walikunywa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba walikunywa yote. Walikuwa wageni wenye adabu, wametoka kwenye ibada, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka kikombe chini, na mama yake Nyambura, ambaye nilikuja kujua baadaye kwamba hakuwa anaacha kitu kwenye chombo cha mwenyeji wake hata kama ni kibaya vipi, alifumba macho akamaliza kikombe kizima cha bati kwa ajili yangu. Alinipa heshima hiyo hata kabla sijawa mkwe wake.

Vikombe vikakusanywa. Mzee Njoroge akasimama, akakohoa, chumba kikatulia. Nikashika ukingo wa meza.

"Festo," akasema, "sisi tumekuja na tumeona. Chumba ni kidogo lakini ni kisafi. Kijana anafanya kazi, anaenda kanisa, ana mzazi hapa wa kumsemea. Sasa, kwa habari ya msichana..."

Akapiga mbweu. Kubwa, kutoka chini kabisa. Akaomba msamaha, akaanza tena, "kwa habari ya msichana," ikaja nyingine, ikafuatwa na nyingine, mzee wa watu amesimama na mkono kifuani hawezi kufika mwisho wa sentensi niliyoisubiri mwaka mzima. Mzee Kimani akataka kusema kitu cha kumsaidia, na yeye ikamtoka. Halafu chumba kizima, kitandani, kwenye viti, mlangoni, watu wazima waliovaa nguo za Jumapili, kila mmoja anafunika mdomo na leso. Mimi moyoni nikasema angalau mama hajaguswa. Sikumaliza hata kuliwaza hilo. Ikamtoka mbele yangu, mbele ya mtu anayemposa binti yake, akajifunika uso kwa kile kitambaa cheupe, akainama mpaka magotini.

Hapo ndipo Senge aliponyanyua kikombe kimoja, akakinusa, akachovya kidole, akalamba. Senge wangu nampenda, lakini sauti yake iliumbwa kwa kuitia watu wa ng'ambo ya mto.

"Festo. Umetia musherekha?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Musherekha ni nini?" akauliza Mzee Kimani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ningeweza kusema ni chumvi ya kwetu, na ni kweli ni chumvi ya kwetu. Ningeweza kusema ni kama magadi, wangeelewa wote na yamkini wangecheka. Mimi, mwonjaji wa Thika, nikasema, "Ni maji ya majivu, mzee."

Hata mbweu zilisimama.

"Majivu ya nini?"

Niliona aibu kutaja maganda ya maharagwe, nikataka kumtuliza. "Ya vitu vya nyumbani tu, mzee. Vilivyochomwa. Hata siwezi kuvitaja vyote."

Nyinyi hamkuwa huku miaka ile, au mlikuwa watoto. Watu walikuwa wamenyweshwa vitu vya kiapo usiku, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, na wengine walifungwa kwa kukubali na wengine wakauawa kwa kukataa. Mtu kukunywesha kitu cheusi ambacho hukijui, ndani ya chumba kilichofungwa pazia, halikuwa jambo la kuchekea. Niliona Mzee Kimani akigeuka kumtazama Mzee Njoroge, na Mzee Njoroge akiutazama mlango, na nikaona kwenye nyuso za wazee wale kitu ambacho sikuwahi kufikiri mtu angeweza kunitazama nacho. Waliniogopa. Mimi, Festo, ninayeosha vikombe.

Mama yake Nyambura alikuwa wa kwanza kutoka. Nilimfuata. Alikuwa amepiga magoti kwenye ua mbele ya nyumba zetu, vidole kooni, anajitapisha, wamama wawili wamemshika mabega, kitambaa chake kimeanguka kwenye matope, na watu waliokuwa wanatoka stesheni wamesimama barabarani wanatazama mwanamke mzima aliyejifunga mkanda wa umoja wa akina mama wa kanisa akitapika mlangoni kwa mtu wa Bunyore. Nikakimbia ndani, nikachota maji, nikamletea. Aliinua macho. Akakitazama kile kikombe, kisha akanitazama mimi, kisha akarudi nyuma kwa magoti, kama mtu anayemwepuka mbwa asiyemjua.

Nikashikwa na wazimu. Nikarudi ndani nikachukua birika kubwa, nikatoka nalo, nikawaambia tazameni, si sumu, si kiapo, nakunywa mwenyewe, nikainua nikanywa yaliyobaki yote kwenye mdomo wa birika huku yananimwagikia shatini, nikamaliza, nikafungua mdomo niwaambie mnaona, na mbweu iliyonitoka nadhani ilisikika Thika. Hakuna aliyecheka. "Yeye ameizoea," akasema Mzee Kimani, wakachukua makoti yao. Mzee Njoroge alinipita bila kumalizia ile sentensi.

Kile kibirika nilikitupa chooni jioni hiyo hiyo. Jumapili iliyofuata Nyambura alisimama mbali nami kwenye kwaya, na tulipotoka nje akaniambia kwa haraka, akitazama upande mwingine, "Mama hali chakula vizuri. Hana ugonjwa. Anangoja kuona kama kuna kitu kitampata." Akaondoka. Kazini waliniambia nimekonda, na kwa kweli nilipokuwa naosha vikombe vile, harufu yake ikipanda, nilikuwa nageuza uso.

Aliyeniokoa ni Senge. Alikwenda Gatongora peke yake, bila kuniambia, amebeba chupa nyingine na mzigo wa kunde, akamwomba mama yake Nyambura jiko, akawapikia pale pale wakiona, akatia musherekha mbele ya macho yao, akala kwanza yeye, kisha akakaa nao mpaka jioni akiwaeleza jinsi maganda ya maharagwe yanavyochomwa na jinsi mpwa wake alivyo mjinga. Hilo la pili walilikubali upesi. Mzee Njoroge alikula kunde, akasema ni nzuri, akacheka mpaka akafuta macho. Wiki hiyo akaniita, nikasimama mbele yake kama mfungwa.

"Binti ni wako," akasema. "Lakini mama yake amesema, kwako yeye hatakula wala kunywa. Nimemwambia ni mambo ya mboga, ameelewa. Ila amesema mwili wake hautaki."

Nikasema asante, mzee, na moyoni nikajiambia hilo litapita. Tulioana. Wanawake wengine wa kanisa walikuja kwetu wakanywa chai. Yeye alikuja pia, kwa heshima zote, akasimama uani, akasalimia, akauliza habari za kazi, akarudi kwao na kiu yake, kilomita zote zile kwenye jua. Nyambura hakunilaumu hata mara moja, na ingekuwa afadhali angenilaumu.

Kisha tukapata mtoto wa kwanza, msichana, mwenye jina la bibi yake mzaa mama. Bibi akaja kumwona. Aliingia ndani kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akakaa kitandani karibu na binti yake, akampakata mtoto, na mimi nikabaki nje karibu na mlango kama inavyotakiwa, nasikiliza. Nikamwita Nyambura nikamnong'oneza amwulize mama kama nimchemshie chai. Nikasikia jibu lake, sauti ya upole kabisa: "Mwambie asante. Nimebeba." Na kweli alikuwa amebeba, kwenye kikapu chake, chupa ya chai iliyofungwa kwa kitambaa ili isipoe, na kikombe chake.

Baada ya muda Nyambura akatoka na kikombe kile kimejaa, akanipa mimi. "Ametoka kumimina," akasema. "Amesema unywe bila wasiwasi. Hii haina kitu."

Niliinywa nimesimama nje ya mlango wangu mwenyewe, mgeni wangu amenikaribisha chai nyumbani kwangu, chai ya maziwa mengi, tamu, isiyo na uchachu wowote, na niliimaliza yote. Kahawa sijapika tena tangu miaka ile na sitapika. Mtu akija kwangu namchemshia chai hapa nje, mahali anapoona kila kitu ninachotia, na wengi wameniuliza kwa nini sipiki jikoni kama watu wengine. Bibi alikuwa akija kila mwezi mpaka alipofariki, na kila mara alinimiminia kikombe kutoka kwenye chupa yake.